Kitabu Hakina Matamvua: Riya na Wajibu wa Mwandishi Chipukizi wa Bunilizi ya Kisayansi

Swali la iwapo mwandishi ana haki ya kuinadi kazi yake mwenyewe ni la zamani kuliko mitambo ya uchapishaji, lakini kwa mwandishi chipukizi wa bunilizi ya kisayansi, yaani utanzu wa hadithi unaojenga ulimwengu wake juu ya mabadiliko ya sayansi na teknolojia ambayo bado hayajatokea au huenda yasitokee kamwe, swali hilo huja na uzito wa pekee. Mwandishi huyo, akishamaliza muswada na kupata mchapishaji, huambiwa kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza: afungue ukurasa kwenye mitandao ya kijamii, awaandikie wasomaji barua pepe za kila mwezi, aombe mahojiano redioni, atume nakala za bure kwa wahakiki kabla ya siku ya uzinduzi, na msimu wa tuzo ukikaribia atangaze hadharani ni kazi zake zipi zinazostahili kupigiwa kura. Wengi hulitekeleza agizo hilo kwa moyo mzito, kwa sababu wamelelewa katika dini na mila zinazofundisha kwamba muungwana hajisifu, na kwa sababu lugha yenyewe inawakumbusha kila siku kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Makala haya yanashika msimamo kwamba moyo huo mzito unastahili kuheshimiwa, ila umeelekezwa mahali pasipo pake. Kuipeleka kazi kwa msomaji ni wajibu, na dhambi inayoogopwa huingia kwa mlango mwingine, pale mwandishi anapoiondoa kazi mezani na kujiweka yeye.

Methali hiyo imebeba hekima ya kweli, lakini ni hekima ya soko ambamo bidhaa hukaguliwa kabla ya kulipiwa. Mnunuzi wa samaki hufunua matamvua akatazama kama bado ni mekundu, hubonyeza ubavu kwa kidole aone kama nyama inarudi, huangalia kama jicho linang'aa au limezama, na kwa muda mfupi huwa ameshajua lote bila kumsikiliza muuzaji. Kitabu hakina matamvua. Ubora wake hujulikana baada ya kusomwa, na kusoma ndiyo gharama yenyewe, kubwa kuliko bei iliyobandikwa nyuma ya jalada, kwa kuwa fedha hupatikana tena lakini siku alizozitoa msomaji hazirudi. Kwa hiyo kitabu kizuri na kitabu kibaya vikikaa rafuni bila kusemewa neno hufanana, na aliyeandika kizuri akinyamaza kwa kuamini kwamba kitajiuza humwachia uwanja yule ambaye hakuandika kizuri lakini hakunyamaza. Methali inamhukumu anayekitembeza kibaya, wala haijasema lolote juu ya kizuri kisichoweza kuonekana mpaka mtu akifungue.

Ugumu huo huongezeka katika utanzu unaojadiliwa hapa. Msomaji wa riwaya inayotendeka Kariakoo au Mji wa Kale wa Mombasa huleta mitaa yake mwenyewe kichwani, akajaza kwa kumbukumbu yale ambayo mwandishi hakuyasema, ilhali msomaji wa bunilizi ya kisayansi huingia katika ulimwengu ambao hajui sheria zake, hajui miili ya watu wake, wakati mwingine hajui hata kama kuna mchana na usiku, na katika kurasa za mwanzo huombwa avumilie kutoelewa kwa ahadi kwamba ataelewa baadaye. Anachokitoa hapo ni mkopo wa imani. Mwandishi mwenye jina huukopa mkopo huo kwa rehani ya vitabu vyake vilivyotangulia. Chipukizi hana rehani yoyote isipokuwa maneno machache anayoweza kuyasema kabla ukurasa wa kwanza haujafunguliwa. Fasihi ya Kiswahili inaujua mkopo huo ingawa haikuuita kwa jina hilo: Shaaban Robert aliuomba mwaka 1951 alipowataka wasomaji wa Kusadikika waikubali nchi inayoelea angani, na Katama Mkangi akauomba tena mwaka 1995 katika Walenisi, riwaya inayomchukua mhusika wake Dzombo na kumweka katika jamii nyingine kabisa. Bila mtu wa kumshika msomaji mkono mlangoni, kazi za namna hii huweza kukaa miaka mingi zikiwa zimefungwa.

Historia ya utanzu wenyewe inaonyesha kwamba ukaribu wa mwandishi na wasomaji haukuletwa na mitandao ya leo. Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alianzisha jarida la Amazing Stories mwezi Aprili 1926, na baada ya muda akawa anachapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao, nao wakaanza kuandikiana, kutembeleana na kuunda vyama, hata mwaka 1939 wakakutana New York katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa bunilizi ya kisayansi. Tuzo ya Hugo, iliyopewa jina la mwasisi huyo na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1953, hupigiwa kura na wanachama wa mkutano huo, yaani wasomaji waliolipa ada, na haiamuliwi na jopo la wataalamu. Waandishi wengi wa kizazi hicho walikuwa kwanza wasomaji wanaoandika barua, na hivyo kuizungumzia kazi ilikuwa sehemu ya mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea kabla yao. Andy Weir alirudia jambo hilo kwa njia ya kisasa: alianza mwaka 2009 kuweka sura za The Martian bure kwenye tovuti yake, akaziweka pamoja mwaka 2011 kama kitabu cha kielektroniki kwa senti 99 za dola baada ya wasomaji kuomba iwe rahisi kuzipata, na mwaka 2014 kampuni kubwa ikakitoa kitabu hicho upya. Katika mfano huu ni vigumu kuonyesha mahali ambapo kuandika kulikoma na kunadi kukaanza.

Hata hivyo hoja ya dini haiondolewi kwa historia. Katika Uislamu, riya ni kutenda jambo jema ili watu walione, na sumaa ni kulitenda ili wasikie habari zake, na wanazuoni wameyahesabu maradhi haya kuwa miongoni mwa yaliyo magumu kugundulika, kwa sababu huishi ndani ya matendo mema na hula humo humo. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulumiddin kwa ajili ya kupenda jaha na riya, akaieleza jaha, yaani heshima na jina mbele za watu, kuwa ni kumiliki nyoyo kama mali ilivyo kumiliki vitu. Maelezo hayo yanamgusa mwandishi kuliko mtu mwingine yeyote, maana nyoyo ndizo anazozitafuta. Lakini al-Ghazali hakuishia katika kukataza. Kwa kuwa binadamu hawezi kuishi bila kiasi fulani cha mali, hawezi pia kuishi bila kiasi fulani cha heshima mbele ya mwalimu, mwenzi, mtumishi na mtawala, na kwa hiyo kinachopimwa ni njia ya kuitafuta. Anayejipachika sifa asiyokuwa nayo, kwa mfano anayejidai kuwa mwanazuoni au kuwa wa nasaba tukufu, ametenda la haramu kwa sababu amedanganya. Anayeitaja sifa aliyo nayo kweli, ili apewe kazi anayoiweza, hakuvunja amri, na ushahidi wake ni Nabii Yusuf, aliyemwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi huku akitaja kwamba yeye ni mlinzi na mjuzi.

Kisa cha Yusuf kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mazingira yake yanafanana na ya chipukizi kuliko inavyodhaniwa. Yusuf alikuwa mgeni, ametoka gerezani, hana ukoo wala mdhamini katika nchi ile, na njaa ya miaka saba ilikuwa inakuja. Lau angenyamaza kwa staha, ghala zingekabidhiwa mtu mwenye jina kubwa na ujuzi mdogo, na watakaolipa gharama ya staha hiyo wangekuwa wenye njaa. Sifa mbili alizozitaja ni zile tu ambazo kazi ilizihitaji, uaminifu na ujuzi. Hakutaja uzuri wake, uliokuwa maarufu, wala mateso yake, ambayo yangevuta huruma. Hapa pana kipimo kizima cha maadili ya kujinadi, na ni ajabu kwamba hakitumiki mara nyingi zaidi: sema kile ambacho kazi inakihitaji, kiwe kweli, na kiwe kwa ajili ya wale watakaofaidika.

Ukristo una mvutano huo huo ndani ya hotuba moja. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anawafundisha wanafunzi wake kwamba taa haiwashwi ili ifunikwe, na mara baada ya hapo, katika sura inayofuata, anawaonya wasitende wema mbele za watu kwa kusudi la kutazamwa. Mafundisho hayo mawili hupatana pale inapoonekana kwamba la kwanza linasema juu ya nuru na la pili juu ya anayeibeba. Agostino wa Hippo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, alikwenda mbali zaidi akakiri shida ambayo hakuweza kuitatua: mtu akitaka kujua kama ni mtumwa wa mali au wa chakula anaweza kuviacha kwa muda akajipima, lakini akitaka kujua kama ni mtumwa wa sifa atajipimaje, ilhali sifa hufuata kazi njema na haiwezekani kutenda vibaya kwa makusudi ili kusudi asisifiwe? Hoja hii inamwondolea mwandishi faraja ya bei rahisi. Kunyamaza hakumthibitishii kwamba hana riya, kwa kuwa anaweza kunyamaza ili aitwe mnyenyekevu, na kujificha kukawa ndiyo njia yake ya kutafutwa.

Ushauri wa kunyamaza una kasoro nyingine ambayo wanaoutoa hawaioni kwa sababu mara nyingi wao wenyewe wamekwisha kujulikana. Ukimya wa mtu ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kitabu haumgharimu kitu, maana mchapishaji, maduka na magazeti humsemea. Ukimya wa mtu asiyejulikana ni kuzikwa kwa kazi yake. Maisha ya Octavia Butler yanalionyesha jambo hili kwa uchungu. Alizaliwa mwaka 1947 Pasadena, California, mtoto wa mama mtumishi wa nyumbani, msichana mweusi mrefu na mwenye haya katika utanzu ambao karibu waandishi wake wote walikuwa wanaume weupe. Mwaka 1970 alihudhuria warsha ya Clarion ya waandishi chipukizi, akauza hadithi mbili, na baada ya hapo hakuuza neno hata moja kwa miaka mitano. Moja ya hadithi hizo mbili ilinunuliwa kwa ajili ya mkusanyo ambao haukutoka katika uhai wake, ikaja kuchapishwa mwaka 2014, miaka minane baada ya kifo chake. Aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua chipsi za viazi kiwandani, na aliamka saa nane usiku kuandika kabla ya kwenda kazini. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ilitoka mwaka 1976, na Parable of the Sower, inayoanza katika Marekani ya mwaka 2024 iliyoharibiwa na ukame, moto na ufukara, ilitoka mwaka 1993. Riwaya hii iliingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la New York Times mwaka 2020. Butler alikuwa ameshafariki tangu Februari 2006.

Mwenye kushikilia methali angeweza kusema kwamba hatimaye kizuri kilijiuza. Lakini kitabu hicho hakikutembea chenyewe kwa miaka 27. Kilibebwa na walimu waliokiweka katika mihtasari yao, na waandishi weusi vijana waliokitaja kila walipopewa nafasi ya kusema, pamoja na wasomaji waliokazana kukisemea mpaka ulimwengu ukawasikia. Na ni vitabu vingapi vilivyokosa watu wa namna hiyo? Anayesema kwamba wakati huchuja fasihi husahau kwamba chujio linaweza kupitisha kile tu kilichomiminwa ndani yake.

Maktaba ya Huntington huko California imehifadhi karatasi za Butler, na miongoni mwake mna maandishi ya mwaka 1988, katika daftari, ambamo alijiandikia kwa amri kwamba vitabu vyake vitaingia katika orodha za vinavyouzwa zaidi na kusomwa na mamilioni, na kwamba atawasaidia vijana maskini weusi kwenda katika warsha kama ile iliyomlea. Je, haya ni majigambo? Kwa maana ya kidini, riya inahitaji mtazamaji, na daftari lile halikuwa na mtazamaji yeyote. Lililoandikwa pale liko karibu zaidi na nia, ile ambayo kwa Waislamu hutangulia kila ibada na kuipa thamani yake, kwa kuwa mtu aliyekataliwa kwa miaka hawezi kuendelea bila kwanza kujithibitishia mwenyewe kwamba kazi yake inastahili kuendelea. Na msaada aliowakusudia vijana ulikuja kutolewa na wengine, kwa ufadhili wa kwenda Clarion uliopewa jina lake baada ya kifo chake.

Hatari ya kweli iko kwingine, na bunilizi ya kisayansi yenyewe ndiyo iliyoieleza vizuri kuliko falsafa. Frederik Pohl, aliyewahi kufanya kazi ya kutunga matangazo ya biashara, aliandika pamoja na C. M. Kornbluth riwaya ya The Space Merchants ya mwaka 1953, ambamo kampuni za matangazo zinatawala dunia na mtu mmoja anapewa kazi ya kuwashawishi watu wahamie Zuhura, sayari isiyokalika. Miaka ishirini baadaye, James Tiptree Jr. alichimba zaidi katika hadithi ya The Girl Who Was Plugged In, iliyopata Tuzo ya Hugo mwaka 1974. Katika ulimwengu wa hadithi hiyo matangazo ya biashara yamepigwa marufuku na sheria, na kampuni zimegundua njia ya kuizunguka marufuku hiyo: zinatengeneza watu maarufu ambao kazi yao ni kuishi mbele ya kamera huku wakitumia bidhaa zao. Msichana wa miaka 17 aitwaye P. Burke, mwenye mwili ulioharibiwa na maradhi na aliyejaribu kujiua, anachukuliwa na kampuni, anaunganishwa kwa nyaya ndani ya chumba kilichofichwa chini ya ardhi, na kutoka humo anauendesha kwa mbali mwili mwingine, Delphi, binti mzuri asiye na akili yake mwenyewe. Watu wanampenda Delphi, na kijana wa kitajiri anampenda pia. Akija kumkomboa anakuta kilicho chini ya ardhi, na P. Burke anafia mikononi mwa yule aliyemfuata. Delphi anaendelea kutabasamu, kwa kuwa kampuni imempata mwendeshaji mwingine.

Hadithi hiyo inaonyesha kwa macho kile ambacho al-Ghazali alikieleza kwa dhana, kwamba anayemiliki nyoyo kwa sura ya bandia humilikiwa na sura hiyo. Chipukizi anayeambiwa ajijengee haiba ya kuuzika, aonyeshe chakula chake, huzuni yake na watoto wake ili wasomaji wahisi kwamba wanamjua, anaombwa amtengeneze Delphi wake. Kitabu huwa ni kisingizio. Bidhaa ni mtu. Na kwa vile mtu hana mwisho kama kitabu kilivyo na ukurasa wa mwisho, kazi ya kumuuza haimaliziki, bali huula muda ule ule ambao kitabu cha pili kingeandikwa. Tiptree mwenyewe alikuwa amechagua njia iliyo kinyume kabisa. Jina hilo lilikuwa la kalamu, lililochukuliwa kutoka kwenye chupa ya jemu, na nyuma yake alikuwa mwanamke, Alice Sheldon, ambaye utotoni aliwahi kusafiri na wazazi wake katika misitu ya Kongo. Tangu hadithi zake zianze kutoka mwaka 1968 hakuonekana hadharani, aliwasiliana kwa barua tu, na wahakiki wenye heshima wakathibitisha kwa hoja kwamba mwandishi wa namna hiyo hangeweza kuwa mwanamke, mpaka siri ilipofichuka kati ya mwisho wa 1976 na mwanzo wa 1977. Kazi yake ilisafiri bila sura, ingawa ni haki kuongeza kwamba ilisafiri kwa sababu wahariri wa majarida waliibeba, na majarida ya namna hiyo leo ni machache.

Ziko pia aina za uongo ambazo hazihitaji falsafa kubwa kuzitambua, na hapa inatosha kuzitaja. Mwishoni mwa mwaka 2023 mwandishi mmoja nchini Marekani, ambaye kitabu chake cha kwanza kilikuwa kinasubiriwa, aligundulika kuwa alifungua akaunti bandia kwenye tovuti ya wasomaji ili kuipandisha kazi yake na kuzishusha za waandishi wenzake wapya, na mchapishaji akaufuta mkataba wake. Mwaka 2015 makundi yaliyopanga orodha za kupigiwa kura kwa pamoja yalijaza nafasi nyingi za uteuzi wa Tuzo ya Hugo, na wapiga kura wakajibu kwa kuamua kwamba katika vipengele vitano tuzo isitolewe kwa yeyote. Matukio yote mawili yana mzizi mmoja: mtu ameghushi sauti ya wengine. Mwandishi anayesema waziwazi kwamba hadithi yake fulani ilitoka mwaka huu na inaweza kusomwa mahali fulani hakughushi kitu, na lawama anazopewa kwa ajili ya tangazo hilo hazina msingi.

Uongo wa hila zaidi ni ule wa unabii. Wachapishaji hupenda kuandika kwenye jalada kwamba mwandishi ametabiri yajayo, na wasomaji wa Parable of the Sower walimwita Butler nabii hata kabla ya mwaka 2024 kufika. Yeye alishikilia kwamba aliyatazama matatizo ya wakati wake, akayaacha yakue mahali ambapo hakuna aliyeyashughulikia. Ursula K. Le Guin naye, katika utangulizi alioandika mwaka 1976 kwa The Left Hand of Darkness, alikataa kwamba kazi ya utanzu huu ni kutabiri. Kwa msomaji Mwislamu au Mkristo jambo hili si dogo, kwa kuwa elimu ya ghaibu, yaani ya yale yaliyofichwa, ni ya Mungu, na anayejiuza kwa kudai sehemu ya elimu hiyo amejipachika sifa isiyo yake, na hivyo ameangukia katika ile njia ya haramu iliyotajwa awali. Chipukizi akishawishiwa kuitangaza riwaya yake kuwa picha ya Afrika ya mwaka 2100 anapaswa kukataa, hata kama tangazo hilo lingeuza, kwa maana nguvu ya riwaya iko katika kuuliza na tangazo lingeifanya ijidai kujibu.

Namna njema ya kuinadi kazi inaweza kuonekana ndani ya Kusadikika kwenyewe. Karama, aliyeshitakiwa kwa kufundisha uanasheria katika nchi isiyoutaka, anapewa nafasi ya kujitetea mbele ya baraza, na anaitumia karibu yote kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mambo ya manufaa, wakaishia gerezani. Anapigania uhai wake kwa kuwasemea wengine, na kila mjumbe anayemtaja anaifanya hoja yake iwe nzito zaidi kuliko sifa yoyote ambayo angejipa. Plutarch, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeandika makala juu ya namna ya kujisifu bila kuchukiza, alishauri vivyo hivyo kwamba sifa ya mtu ichanganywe na sifa za wenzake wanaofanana naye. Kwa chipukizi hili lina matokeo ya wazi katika kazi ya kila siku: anayeandika juu ya vitabu vya wengine kwa bidii ile ile anayoandikia juu ya chake, na anayemwelekeza msomaji kwa mwandishi mwingine anapoona kwamba kitabu chake hakimfai, ana ushahidi mbele ya dhamiri yake kwamba anachokipenda ni utanzu na wasomaji wake. Huo pengine ndio mtihani ambao Agostino hakuupata, kwa kuwa unawezekana kufanywa bila kuacha kutenda mema.

Jambo moja limeleta ugumu mpya. Tarehe 20 Februari 2023 jarida la Clarkesworld, mojawapo ya majarida yanayowapokea chipukizi bila kuwauliza wanatoka wapi, lilisimamisha upokeaji wa hadithi kwa sababu mamia ya hadithi zilizoandikwa na programu za akili unde, yaani mashine zinazounganisha maneno kwa kufuata mifano ya maandishi mengine, zilikuwa zimelifurikia katika mwezi huo mmoja. Lilifungua tena mlango mwezi uliofuata. Tangu hapo ushauri wa kujificha kama Tiptree umekuwa mgumu kuufuata, kwa kuwa mhariri na msomaji wana haki ya kujua kama nyuma ya maneno kuna mtu. Inaonekana basi kwamba mtu aliyeondolewa mezani analazimika kurudi. Elimu ya Hadithi za Mtume inao mfano wa namna ya kumrudisha bila kumwabudu: wanazuoni walichunguza isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, wakaandika vitabu vikubwa juu ya maisha yao, wakauliza walizaliwa lini, walisoma kwa nani, kumbukumbu yao ilikuwaje na kama waliwahi kusema uongo, na yote hayo yaliulizwa kwa ajili ya habari iliyopokewa, na hakuna aliyefikiri kwamba wapokezi hao walikuwa wanatafutiwa umaarufu. Mwandishi chipukizi anaweza kuizungumzia nafsi yake kwa kiasi hicho: ni vitabu gani vilimfundisha, ni mtaalamu wa fani gani alimsahihishia hesabu za mzunguko wa chombo chake, ni wapi katika riwaya sayansi inayojulikana inakoma na kubuni kunaanza, na ni swali gani lililomfanya aiandike.